Shingo safi ni shingo ya namna gani?

Daktari aliweka vidole viwili chini ya taya la mjomba, akavisogeza polepole kuelekea sikioni, kisha akashuka navyo ubavuni mwa shingo mpaka juu ya mtulinga. Kushoto, halafu kulia. Alipomaliza alivua glavu, akaandika "N0" kwenye faili na kusema shingo ni safi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mjomba ni askari mstaafu, kwao Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na Kiswahili cha kambini anakiamini kuliko lugha nyingine yoyote aliyowahi kuisema. Nikamwambia, "Afande, anasema shingo yako ni safi."

Akaitikia kwa kichwa. Kidonda kilikuwa pembeni mwa ulimi, hakikuwa shingoni, kwa hiyo hilo alilitegemea. Daktari akaendelea: siku ya upasuaji atakata sehemu ya ulimi yenye kidonda, na hapo hapo atafungua shingo upande wa kushoto na kutoa tezi. Nikatafsiri. Mjomba akanitazama mimi, hakumtazama daktari. "Kama ni safi, mbona anataka kuikata?"

"Daktari anajua," nikasema. Lilikuwa jibu la kivivu, na limenikera tangu siku ile, kwa sababu swali la mzee yule ndilo swali lenyewe ambalo wapasuaji wa saratani ya kinywa wamelizozania kwa miongo kadhaa. Nitajaribu kulijibu hapa kama ilivyonipasa kulijibu pale.

Tuanze na mabomba. Mishipa ya damu kila mtu anaijua. Ipo mitandao mingine isiyo na sifa hiyo: vijia vyembamba vinavyokusanya maji yanayochujika kutoka kwenye damu na kuyarudisha kifuani, karibu na mtulinga. Maji hayo ndiyo limfu. Njiani hupitia kwenye tezi, vijifuko vyenye umbo la haragwe vinavyochuja wadudu na takataka. Mwili una tezi mia kadhaa, na shingo imejaliwa nyingi kuliko ukubwa wake, jambo lisilo la ajabu ukikumbuka kinachoingia mdomoni kila siku. Wapasuaji wameigawa shingo katika maeneo kwa namba. La kwanza liko chini ya kidevu na taya. La pili karibu na pembe ya taya. La tatu katikati. La nne chini kuelekea mtulinga. La tano nyuma, upande wa kisogo. Saratani ya kinywa ikisafiri, kwa kawaida huanza na maeneo matatu ya mwanzo. Ya ulimi wakati mwingine huruka na kutua moja kwa moja la tatu au la nne.

Ulimi ndio mbaya kuliko jirani zake. Ni msuli mtupu, umejaa vijia vya limfu, na haupumziki: ukimeza unajikamua, ukiongea unajikamua. Seli iliyokwisha kutoka kwenye kidonda na kuangukia kijia husukumwa tu. Saratani ya mdomo wa chini, kwa kulinganisha, ina uvivu wa kusafiri. Kwa hiyo mahali kidonda kilipoota ni dalili ya kwanza ya kutabiri, hata kabla mtu hajapima chochote.

Utabiri huu una uzito kwa sababu tezi hubadilisha hesabu nzima. Tezi moja tu ya shingo ikishaingiwa, nafasi ya mgonjwa kuishi hupungua kwa karibu nusu. Ukubwa wa kidonda na aina ya seli vina umuhimu wake, lakini hakuna kinachoshusha matumaini kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Sasa turudi kwenye ile "N0". Maana yake ni kwamba vidole, au picha, havikuona kitu. Chukua wagonjwa 100 wenye saratani ya ulimi ya mapema, wote wamepapaswa shingo na wote wameambiwa ni safi. Kati yao, 20 hadi 30 hivi tayari wana seli za saratani ndani ya tezi. Daktari hajakosea kupapasa. Vikundi hivyo vya seli ni vidogo tu: vingine havifiki milimita 2, vimejibanza ndani ya tezi yenye ukubwa wake wa kawaida na ulaini wake wa kawaida. Kidole hakina jicho la kuona hilo. Ziko safi mbili, basi, ile ya vidole na ile ya hadubini, na mimi kwenye ukalimani wangu nilizifanya kuwa moja.

Kazi iliyobaki ni kujua nani yuko kwenye wale, tuseme, 25 na nani yuko kwenye wale 75.

Kwa muda mrefu watu walitazama upana. Kidonda cha sentimita 1 kilionekana cha kusamehewa, cha sentimita 4 cha kutisha. Upana haukuwa uongo, ila ulidanganya mara nyingi mno. Kilichokuja kuushinda ni kina: saratani imechimba milimita ngapi kwenda chini. Toleo la nane la mwongozo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani, lililoanza kutumika 2018, liliingiza kina rasmi kwenye hesabu. Kidonda cha ulimi kisichozidi sentimita 2 kwa upana, ambacho zamani kingehesabiwa hatua ya kwanza bila mjadala, hakikai tena hatua hiyo kikichimba zaidi ya milimita 5.

Namna ya kupima inahitaji utulivu kidogo, maana hapa ndipo hata ripoti za maabara huchanganya mambo. Kina si unene. Fikiria fundi mwashi anayetaka kujua shimo lina urefu gani kwenda chini. Hapimi kuanzia juu ya lundo la udongo lililo kando ya shimo. Hulaza ubao juu ya ardhi tambarare, kutoka ukingo huu hadi ule, kisha hudondosha timazi kutoka kwenye ubao mpaka chini kabisa. Mtaalamu wa patholojia hufanya vivyo hivyo chini ya hadubini: ubao wake ni utando wa chini wa ngozi nzima ya ulimi iliyo kando ya kidonda, na timazi yake hushuka mpaka kwenye seli ya saratani iliyozama kuliko zote. Uvimbe ulioota kwenda juu kama uyoga unaweza kuwa mnene milimita 8 na kuchimba 2 tu. Kidonda kilicholika katikati kinaweza kuonekana chembamba huku kimechimba 7. Aliyepima unene atamtisha bure yule wa kwanza na kumfariji bure yule wa pili.

Chini ya milimita 2, hatari ya tezi ni ndogo na wapasuaji wengi huiacha shingo. Ikivuka 4, wengi huifungua. Kati ya 2 na 4 ndipo kwenye mabishano, na ukiwasikiliza wapasuaji wawili wazuri wakijadili kidonda cha milimita 3 utadhani wanazungumzia magonjwa mawili tofauti.

Ripoti ya kwanza ya mjomba, kutoka maabara moja ambayo sitaitaja, ilisema ni saratani ya seli bapa, basi. Kina hakikuandikwa. Nilikasirika, halafu daktari akanieleza jambo ambalo sikulifikiria: kinyama kilichochukuliwa mwanzoni kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, kimenyofolewa juu juu, na hakikufika mwisho wa kidonda. Kipande cha namna hiyo kinaweza kukuambia ni nini, lakini hakiwezi kukuambia kimezama mpaka wapi. Kina cha kweli hujulikana uvimbe wote ukishatolewa. Kabla ya hapo daktari hukisia kwa kuubana ulimi kati ya vidole akisikiliza ugumu umeishia wapi, au kwa picha ya MRI, au kwa altrasaundi yenye kichwa kidogo kinachoingia mdomoni. Huo ni utani wa kikatili kidogo: kipimo bora cha kuamua kama shingo ikatwe hupatikana baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji.

Hadubini ina mengine ya kusema. Je, seli zinafuata neva na kutambaa kandokando yake? Zimeonekana ndani ya vijia vyenyewe vya limfu? Na mstari wa mbele wa saratani ukoje? Nilipomweleza mjomba hili kwa lugha yake alilishika mara moja. Zipo saratani zinazosonga mbele kwa safu, kama kikosi kwenye barabara kuu, na zipo zinazojipenyeza msituni wawili wawili, watatu watatu. Ukiona kwenye kioo cha hadubini vikundi vidogo vya seli vimetengana na kundi kubwa na kutangulia mbele, jua tezi ziko mashakani, hata kama kina si kikubwa. "Hao ni wa upelelezi," alisema mzee.

Msomaji atauliza kuhusu picha, maana siku hizi kila mtu akiumwa huulizwa kama ameshapigwa siti skani. Picha husaidia, lakini Uganda ina shida yake ya pekee. Dalili zinazotafutwa kwenye picha ni tezi iliyozidi ukubwa, kwa kawaida sentimita 1 au zaidi kidogo. Tezi iliyopoteza umbo la haragwe na kuwa duara. Na tezi yenye kiini kilichooza, kinachoonekana cheusi katikati na mduara mweupe pembeni. Sasa taja ugonjwa mwingine unaofanya hayo yote. Kifua kikuu cha tezi. Tezi ya TB huvimba, hujikusanya, huoza katikati, na kwenye skani inaweza kufanana na tezi ya saratani kama pacha. Ongeza virusi vya Ukimwi, ambavyo peke yake vinaweza kuvimbisha tezi shingo nzima kwa miezi. Ongeza meno mabovu. Mgonjwa wa kinywa karibu kila mara ana jino bovu, na jino bovu huvimbisha tezi za eneo la kwanza na la pili, zile zile tunazozitilia shaka.

Kwa hiyo picha hapa kwetu hukosea pande mbili: haioni vikundi vidogo vya seli vilivyomo, na inapiga kelele kwa uvimbe usio saratani. Dawa ya kelele ni sindano. Tezi yenye shaka hutobolewa kwa sindano nyembamba, ikiwezekana altrasaundi ikiongoza, na kilichotoka hutazamwa kwenye hadubini. Kikifanana na TB kinapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo iko kwenye hospitali zetu nyingi. Dawa ya ukimya ni ngumu zaidi. Sindano isiyotoa kitu haithibitishi kwamba hakuna kitu.

Tuseme basi vyote vimekusanywa, kina, neva, mstari wa mbele, picha, na jumla yake inasema hatari ya mgonjwa huyu ni asilimia 18. Ufanye nini na 18? Namba yenyewe haifungui shingo wala haiiachi. Makala moja ya kitabibu ya 1994 ilipima faida na hasara kwa mti wa maamuzi, yaani mchoro wa matawi unaolinganisha kila uamuzi na matokeo yake, ikafika kwenye asilimia 20: hatari ikizidi hapo, tibu shingo, ikiwa chini, subiri na kutazama. Kiwango hicho kimeenea duniani kote. Ukikigeuza kuwa watu, kinasema hivi: tuko tayari kufungua shingo tano ili kumkuta mmoja mwenye saratani. Wale wanne hawatoki bure. Neva inayoinua bega hupita katikati ya tezi zile, na hata isipokatwa, kuvutwa tu kunatosha kumfanya mtu ashindwe kunyanyua jembe kwa miezi. Tawi dogo la neva ya uso linaweza kuguswa na pembe ya mdomo ikalegea.

Lakini kuna kitu kimefichwa ndani ya ile 20, na naona hakisemwi vya kutosha tunapokinakili kiwango hiki huku kwetu. Kinachukulia kwamba kusubiri ni kusubiri kweli: mgonjwa anarudi kliniki kwa tarehe, anapapaswa, anapigwa altrasaundi, na tezi ikijitokeza anafanyiwa upasuaji ingali ndogo. Mjomba anaishi karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Ni basi la usiku, Pakwach, Karuma, asubuhi mwili umekufa ganzi, na nauli hiyo ni ya watu wawili maana mgonjwa hasafiri peke yake. Ukimwambia mtu kama huyo "rudi kila mwezi tutazame", atarudi tezi itakapokuwa kama embe. Na tezi kama embe inahitaji upasuaji mkubwa pamoja na mionzi, na mionzi nayo ina historia yake hapa: 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika kabisa, na mpya haikuanza kazi mpaka 2018. Kusubiri kukiwa na hatari zaidi, kiwango cha kuingilia kati lazima kishuke. Asilimia 15 ya Arua si asilimia 15 ya mtu anayekaa mtaa wa pili na hospitali.

Ushahidi mzito zaidi kwenye mabishano haya, kwa bahati, haukutoka kwa matajiri. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, India, iliandikisha wagonjwa wa saratani ya kinywa ya mapema kati ya 2004 na 2014, wote shingo N0, na kuwagawa kwa kura. Kundi moja walitolewa tezi pamoja na kidonda. Kundi la pili walitolewa kidonda tu, shingo ikaachwa mpaka itakapoonyesha ugonjwa. Matokeo ya wagonjwa 500 wa mwanzo yalitolewa 2015: baada ya miaka 3, waliokuwa hai ni asilimia 80 kwenye kundi la kwanza na 67.5 kwenye la pili. Ukitaka kuona tofauti hiyo, panga vitanda nane. Mtu mmoja kati ya nane yu hai kwa sababu shingo "safi" ilifunguliwa. Lau ningekuwa na namba hizo kichwani siku ile, mjomba angepata jibu.

Kuna njia ya katikati, ambayo naipenda ingawa bado ni ya wenye vifaa. Daktari huchoma dawa yenye mionzi hafifu kuzunguka kidonda, kisha hufuata kwa kipokezi kuona ni tezi ipi inayoipokea kwanza. Mimi naiita tezi ya lindo, maana ndiyo inayokaa mlangoni. Inatolewa peke yake na kukatwa vipande vyembamba sana. Ikiwa haina saratani, shingo inaachwa, kwa hoja kwamba mgeni asiyepita kwa mlinzi hajaingia. Majaribio ya Ulaya yameonyesha njia hii inafanya kazi vizuri, ikiwa kuna tiba ya nyuklia, kipokezi, na mtaalamu wa patholojia mwenye muda wa kutazama vipande vingi kwa tezi moja. Hilo la mwisho ndilo adimu kuliko yote.

Na kompyuta je? Kuna programu nyingi zinazotabiri tezi sasa, nyingine zikijumlisha dalili zile zile nilizozitaja, nyingine zikisoma picha za skani zenyewe na kutafuta michoro ambayo jicho haliioni. Watengenezaji hujivunia alama kama 0.80. Maana yake: ukichukua wagonjwa wawili, mmoja mwenye saratani tezini na mmoja asiye nayo, mara 80 kati ya 100 programu itampa mwenye nayo alama ya juu. Ni sifa ya kupanga foleni. Haisemi kama ile "asilimia 18" yake ni 18 kweli. Mizani mbovu ya sokoni inaweza kukuambia bila kukosea ni boga lipi zito kuliko jingine, na bado ikaongeza nusu kilo kwa kila moja. Kwa uamuzi unaosimama kwenye mstari wa 20, nusu kilo hiyo ni shingo ya mtu. Na programu iliyofundishwa kwa skani za watu wasioijua TB itayaona matezi ya Arua na kuyasoma kwa macho ya kwao. Kabla ya kuitumia hapa ni lazima ipimwe upya kwa wagonjwa wa hapa, na hilo linahitaji ripoti zenye kina kilichoandikwa. Tunarudi kwenye karatasi ile ile.

Mjomba alifanyiwa upasuaji, ulimi na shingo kwa siku moja. Siti skani ilikuwa imeonyesha tezi moja ya kutilia shaka eneo la pili, karibu na jino lake bovu, na sote tuliikodolea macho hiyo. Ripoti ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Kina: milimita 6. Tezi zilizotolewa: 22. Ile ya kutilia shaka ilikuwa imevimba tu, haina kitu. Saratani ilikuwa kwenye tezi moja ya eneo la tatu, ambayo hakuna kidole wala picha iliyoitaja, kikundi cha seli kisichofika milimita 2, na ganda la tezi lilikuwa zima, yaani saratani haikuwa imetoka nje ya tezi.

Bega la kushoto bado linamsumbua. Shati huvaa kwa kuanza na mkono huo, polepole, huku akilaani. Kliniki anakwenda kwa tarehe zake kwa basi la usiku, na daktari humpapasa kama siku ile ya kwanza, kushoto halafu kulia. Akisikia neno "safi" mzee hunigeukia nimtafsirie swali lake: safi ya vidole, au ya hadubini?